Kamba Kati ya Oksijeni Mbili

Fuwele ilikuwa imekwama ukingoni mwa tone la mafuta, na kila nilipoisukuma kwa ncha ya sharubu iliteleza ikarudi ilikotoka. Nilikuwa nimeinamia hadubini, kiwiko kimeegemea meza, nikingoja mkono utulie. Darcy alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, katika chumba ambacho chai hairuhusiwi.

"Mzee Nev, hiyo sharubu ni ya yule paka wako chongo?"

"Ni yake. Na hiyo chai itoe nje."

"Yaani paka naye anachangia tasnifu ya Vasiti. Nitamwona kwenye ukurasa wa shukrani."

"Wewe huonekani ukurasa wowote," alisema Vasiti bila kuondoa macho kwenye kioo kinachoonyesha ninachokiona. "Mwaka wa pili huu unapika matope ya kijani."

"Matope yenye matumaini, dada."

"Kayatumainie nje na chai yako. Mjomba anafanya kazi."

Darcy akacheka, akaenda zake. Ni kijana mzuri, ametoka huko Bowen kwenye mashamba ya nyanya, ila hajui kusimama mahali bila kusema kitu.

Sharubu ndiyo inayofaa kwa fuwele za Vasiti. Sindano ya chuma ikizigusa zinaanza kutoa povu, kwa sababu zimetengenezwa kwa peroksidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, ila kali zaidi. Unywele wa paka ni mgumu wa kutosha kusukuma na mlaini wa kutosha kutovunja. Paka wetu huziangusha mwenyewe kwenye kochi, na mke wangu Coral huniwekea kwenye kopo.

"Tumchukue huyu kweli?" aliuliza Vasiti.

"Mwangalie alivyo. Hana ufa, hana wingu. Unaona mpaka upande wa pili."

Vasiti alisogea karibu na kioo. "Haya, Mjomba. Wewe ndiye mwenye jicho."

Mimi si mjomba wake. Babu zangu waliletwa hapa Queensland kutoka visiwa vya Vanuatu kukata miwa, na yeye ni Mfiji, mzaliwa wa kisiwa cha Ovalau. Lakini wiki ya kwanza alipofika Townsville alikataa kuniita Neville kama wengine wanavyoniita. Alisema kwao mtu wa umri wangu haitwi jina tupu kama mbwa. Akachagua mjomba, na sikuona sababu ya kumkatalia.

Hatimaye fuwele ikapanda kwenye kitanzi cha nailoni, kitanzi chembamba kuliko uzi wa buibui, ikakaa katikati pamoja na tone lake la mafuta. Nilitembea nayo taratibu hadi kwenye mashine, nikaisimamisha chini ya bomba linalopuliza naitrojeni baridi, na mafuta yakaganda yakawa kama kioo. Nikafunga mlango wa risasi, metali inayozuia miale. Eksirei ikaanza kupita.

Picha ya kwanza ilipotokea, Vasiti alishika bega langu. Vidoti vilikuwa safi, vimejipanga kwa mistari, hakuna kilichovutika wala kujirudia. Kila kidoti ni eksirei iliyogonga safu za atomu ndani ya fuwele ikarudi kwa pembe yake, na ukivikusanya vya kutosha kutoka pande zote, kompyuta inaweza kukuambia kila atomu imekaa wapi.

"Sasa tunakwenda kunywa chai," nikasema. "Mashine haipendi kutazamwa."

Nje mvua ya Februari ilikuwa imeanza. Tulikaa kibarazani na wengine, Vasiti akagawa keki ya muhogo aliyooka mwenyewe, na Darcy akala vipande vya watu wawili. Dokta Jillian Strand, msimamizi wa Vasiti, alipita akiwa na mwavuli na rundo la karatasi kwapani.

"Imekubali?" aliuliza.

"Inakubali," alisema Vasiti.

"Nilikuwa najua. Kesho utawaweka kimya." Akachukua kipande cha keki, akaondoka nacho mvuani.

Kesho yake, saa nane mchana, Vasiti angesimama mbele ya jopo. Hapa mwanafunzi akishafanya kazi mwaka mmoja, watu watatu hukaa naye wakaamua kama aendelee na udaktari au amalize kwa shahada ya uzamili arudi kwao. Mama yake alikwisha kuliambia kanisa zima la kijijini liombe. Vasiti alitusimulia hilo akicheka, lakini kila aliposimulia kicheko kilikuwa kifupi zaidi.

Kazi yake ni hii. Anachukua oksidi ya molibdeni, unga mweupe, anauyeyusha kwenye peroksidi, anatia amonia kidogo, anauacha kwenye friji. Baada ya muda fuwele za njano zinaota chini ya kisahani. Fuwele hizo akiziyeyusha kwenye maji, akapaka maji hayo juu ya kioo na kukipasha moto, amonia inatoka, maji yanatoka, oksijeni ya ziada inatoka, na kinachobaki ni oksidi ile ile ya mwanzo. Darcy aliwahi kumuuliza kwa nini mtu aanze na oksidi ahangaike mwaka mzima ili aishie na oksidi. Vasiti alimwambia ajaribu kupaka unga kwenye kioo aone kama utakaa. Njia yake inaacha ngozi nyembamba, tunayoiita filamu, iliyoshika kioo sawasawa, na ukiipa umeme kidogo inageuka bluu na kuzuia jua. Kwa mji wa jua kali kama huu wetu, dirisha la namna hiyo halihitaji kusifiwa.

Shida ilikuwa kwamba ngozi nyingine zilitoka laini, nyingine zikapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Vasiti na Jillian walikuwa wameshikilia kwamba kosa liko kwenye tanuri. Fuwele ni zile zile, walisema, molekuli ni ile ile, kwa hiyo joto ndilo linalokosewa. Mwaka mzima Vasiti alibadilisha joto: polepole, haraka, kwa ngazi, kwa mkupuo. Jopo lilikuwa limeshaandika kuuliza swali moja: una hakika gani kwamba kitu unachoanza nacho ni kimoja? Ndiyo maana tulikuwa tunapiga eksirei.

Saa saba hivi data zilikuwa zimekamilika. Vasiti alikaa kwenye kompyuta, mimi pembeni yake. Hii kazi sikuisomea darasani. Nilitoka kwenye maabara ya kiwanda cha sukari huko Burdekin kilipopunguza watu, nikaletwa hapa kusafisha na kutunza mashine, na mengine nimeyaokota kwa kusoma vitabu vilivyoachwa kwenye rafu na kuuliza wanafunzi. Kwa hiyo huwa nakwenda hatua kwa hatua, na Vasiti hunivumilia.

Molekuli ilijitokeza yenyewe mara ya kwanza. Molibdeni katikati. Oksijeni moja juu yake kama kofia. Kisha ubavuni, kulia na kushoto, jozi mbili za oksijeni zilizoshikana mkono, na hizo jozi ndizo peroksidi yenyewe. Ilikuwa kama alivyoichora ubaoni tangu mwanzo.

"Ndiye," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiye huyu."

"Tusome vipimo kwanza."

Tunapima kwa angstromu, ambayo ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Oksijeni mbili zilizoshikana katika peroksidi hukaa karibu angstromu moja nukta nne saba. Jozi ya kushoto ilisoma hivyo hivyo. Jozi ya kulia ilisoma moja nukta tatu sita.

Vasiti aliisoma mara mbili. Akaifungua picha. Oksijeni za kushoto zilichorwa kama mayai madogo ya mviringo. Za kulia, moja ilikuwa imevutika kama yai lililokaliwa.

"Fupi mno," alisema.

"Fupi."

"Haiwezekani. Hakuna peroksidi fupi hivyo."

Darcy alikuwa amerudi, safari hii bila chai, akainama juu ya kiti cha Vasiti. "Si ufunge kamba tu?"

Katika kazi yetu kamba ni amri unayoiandikia programu: oksijeni hii na ile zisikaribiane kuliko hapa, zisiachane kuliko hapa. Programu itaheshimu, itasogeza vingine vyote ili kamba isikatike. Si wizi. Data zikiwa dhaifu, kamba inashikilia jambo ambalo tayari unalijua kwa njia nyingine, na unaandika wazi kwamba umeifunga. Lakini neno ni lile lile la mtaani lenye maana ya uongo, na sisi wenyewe hulitania. Mtu akileta muundo mzuri kupita kiasi anaulizwa: hii kweli, au kamba?

"Jaribu uone," nilimwambia Vasiti. "Kujaribu si kuandika."

Aliandika mstari mmoja. Programu ikazunguka, ikatulia. Jozi ya kulia sasa ilisoma moja nukta nne saba, sawa na mwenzake. Makosa ya jumla yaliongezeka kidogo sana, kiasi ambacho hakuna mtu angeuliza. Yai lilibaki refu, lakini ukiizungusha picha kidogo hulioni.

"Angalia huyo malaika," alisema Darcy. "Mtie kwenye slaidi, twende nyumbani."

Vasiti alimtia kwenye slaidi. Akaandika jina la molekuli chini yake. Tukakaa tunamtazama, na kweli alikuwa anapendeza.

Darcy alipoondoka, Vasiti hakuondoka. Alirudisha dirisha la programu, akashuka chini kabisa ya orodha, mahali programu inapotaja mabaki, yaani sehemu ambazo data zinasema kuna kitu lakini wewe hujaweka kitu. Bonge moja la mabaki lilikuwa katikati ya jozi ya kulia, karibu na molibdeni.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui bado."

"Sijauliza kama unajua. Nimeuliza ungefanyaje."

Nilifikiri. "Ile namba ina sababu. Ningetaka kwanza kuisikia sababu yake, halafu ndiyo niamue kama inastahili kamba. Inaweza kuwa mashine. Naomba nafasi niipime."

Nilikuwa karibu natamani iwe mashine. Mashine ni yangu, ningeirekebisha, na yeye angelala usingizi. Nikaweka fuwele yetu ya majaribio, ambayo vipimo vyake tunavijua, nikapiga picha za haraka. Baridi ilikuwa sawa. Umbali ulikuwa sawa. Mashine haikuwa na kosa lolote, na nilirudi kumwambia hivyo nikijisikia kama mtu anayeleta habari za hospitali.

Vasiti hakuwa kwenye kompyuta. Alikuwa amekitoa kisahani kwenye friji, amekiweka juu ya karatasi nyeupe, amekiinamia.

"Njoo uone rangi," alisema.

Nikainama. Fuwele nilizozipenda mimi, kubwa na angavu, zilikuwa ukingoni, mahali maji ni haba. Zilikuwa na rangi ya limau lililokamuliwa kwenye glasi ya maji. Katikati, chini, kulikuwa na kichaka cha fuwele ndogo zilizoparamiana, nyingine zina mawingu ndani. Hizo zilikuwa njano nzito, njano ya kiini cha yai.

"Peroksidi ndiyo inayoleta njano," alisema. "Ikiwa nyingi, njano nzito. Ikipungua, njano inapauka. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Mjomba, kwa nini tulimchukua yule wa ukingoni?"

"Kwa sababu alikuwa mzuri."

"Kwa nini alikuwa mzuri?"

Hapo nikaliona. Kiwandani, kwenye sufuria la sukari, punje inayokua polepole ndiyo inayotoka angavu, na sisi tuliipenda punje hiyo. Nilizoea hivyo. Fuwele za Vasiti zilizokua polepole ni zile zilizokua mwisho, maji yalipokuwa yamekaa siku nyingi kwenye friji inayofunguliwa na kufungwa, na peroksidi imekuwa ikivuja kidogo kidogo kama soda iliyoachwa wazi. Zile za katikati zilizaliwa mapema, kwa haraka, zikakanyagana, ila zilizaliwa maji yakiwa bado na nguvu.

Nilimweleza hivyo, polepole. Vasiti alisikiliza akiwa amebana midomo.

"Kwa hiyo wa ukingoni wengine wamezaliwa bila jozi," alisema. "Upande wa kulia, badala ya oksijeni mbili zilizoshikana, wana oksijeni moja peke yake. Na eksirei haimtazami mmoja mmoja. Inachukua wastani wa wote."

"Ukiweka jozi na mpweke mahali pamoja..."

"Jozi inaonekana fupi." Akarudi kwenye kompyuta karibu anakimbia.

Alifungua kamba. Akaigawa ile nafasi ya kulia mara mbili: sehemu ya molekuli zina jozi, sehemu zina oksijeni moja iliyokaa karibu na molibdeni, pale pale kwenye bonge la mabaki. Akaiachia programu ichague zina uwiano gani. Ilizunguka muda mrefu kuliko mwanzo. Ilipotulia, yai lilikuwa limerudi kuwa yai la kawaida, na mabaki yamepungua hadi hayana maana. Jozi, pale zilipokuwepo, zilisoma karibu moja nukta nne sita bila kufungwa na mtu. Na karibu molekuli moja kwa kila tano haikuwa na jozi.

Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamwona anaelewa alichokipata.

"Filamu zangu," alisema. "Huwa nakwangua kisahani chote. Wa katikati na wa ukingoni. Kila kisahani kina mchanganyiko wake. Chenye jozi nyingi kinatoa gesi nyingi, chenye chache kinatoa chache, na joto moja haliwezi kuvifaa vyote." Akaweka viganja usoni. "Haikuwa tanuri, Mjomba. Mwaka mzima nimelichokonoa tanuri la watu."

Nilimletea maji, na nilipoona hayanywi nikaketi. Alisema, bado viganja viko usoni, "Ile slaidi bado ipo."

"Ipo."

"Nikiitumia, kesho nimepita."

"Huenda."

"Hutanikataza?"

"Vasiti, mimi ndiye niliyekuchagulia yule fuwele. Siwezi kukaa hapa nikakuhukumu. Lakini kamba ya kwanza uliifunga hujui kuna nini. Ukiifunga sasa unajua."

Akaondoa viganja. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Twende kwa Jillian. Twende wote, nikienda peke yangu nitalia, na yeye akiona mtu analia anaanza kutafuta biskuti."

Jillian aliangalia picha zote mbili kwenye kompyuta ndogo ya Vasiti, yenye kamba na isiyo na kamba, kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Mezani kwake kulikuwa na vioo vya Vasiti vilivyopasuka, amevipanga kwenye trei.

"Mwaka mzima wa tanuri," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyesema tanuri."

"Tulisema wote."

"Mimi nilisema kwanza." Akavua miwani. "Sikia, mwanangu. Yule mzee wa kutoka Brisbane kwenye jopo anapenda jibu moja. Ukimletea yenye kamba atafurahi. Ukimletea hii, anaweza kusema bado hujui unachotengeneza, na hatakuwa amekosea sana. Wanaweza kukuongezea miezi. Wanaweza wakakataa. Sitaki nikudanganye."

"Wewe ungefanyaje?"

"Nimefunga kamba nyingi maishani. Nyingine nilikuwa na haki, nyingine sina hakika mpaka leo." Alivuta droo, akatoa pakiti ya biskuti, na Vasiti akaniangalia kwa pembe ya jicho. "Jina litakaloandikwa ni lako. Nitasimama na wewe kwa lolote utakalopeleka, ila la kupeleka chagua mwenyewe."

Vasiti alichukua biskuti akaigeuza geuza. "Nikiwapa yenye kamba, swali la pili litakuwa: sasa kwa nini zinapasuka? Na mimi nitasema tanuri, tena. Nitasema hivyo miaka mitatu." Akaiweka biskuti chini bila kuila. "Hapana. Nitawapa hii ya pili. Lakini sitaki niende na mbovu tu. Nataka niende na wa katikati pia. Kama wale wa njano nzito wana jozi zote, basi najua nachagua nini, na filamu inayofuata natengeneza kwa hao peke yao."

"Saa hizi ni saa kumi," alisema Jillian.

"Ndiyo maana tunaondoka," alisema Vasiti, akasimama.

Fuwele za katikati hazikuwa rafiki. Zilikuwa zimeshikana kama punje za sukari mbichi iliyopata unyevu. Nilipojaribu kumtenga mmoja alipasuka vipande vitatu. Wa pili alianza kutoa vipovu mara tu joto la taa ya hadubini lilipompata, nikapunguza taa mpaka nikawa nabahatisha. Darcy alikuja, akaona nyuso zetu, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

"Malaika wako amefungua kamba," Vasiti alimwambia.

Akamweleza. Darcy alikuna kichwa. "Basi nilikushauri vibaya."

"Ulishauri vibaya, ndiyo. Shika tochi, mwanga uje kwa pembeni usipashe joto. Na usiongee."

Alishika tochi asiongee, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Vasiti akaomba ajaribu yeye mwenyewe, nikampisha kiti. Mara ya kwanza sharubu iliteleza. Aliacha, akaupumzisha mkono juu ya goti, akaanza tena. Alimtoa mmoja kutoka pembeni mwa kichaka, mdogo sana, njano nzito, ana wingu dogo mwisho mmoja.

"Ni mbaya," alisema.

"Ni mbaya kweli," nikakubali. "Mchukue."

Tulimsimamisha kwenye mashine saa kumi na moja kasoro. Picha ya kwanza ikaja. Vidoti vilikuwepo, na vilikuwa na nguvu, ila kila kimoja kilikuwa na mwenzake pembeni, kama mtu anayeona mbili mbili. Vasiti aliinamia kioo. Nilizungusha kidogo, nikapiga nyingine. Mbili mbili tena.

"Si mmoja," nikasema. "Ni wawili wamegandana. Lile wingu ndilo ungio lao."

"Inaweza kusomwa?"

"Inaweza, na mtu anayejua kuliko mimi, kwa siku nyingi. Kwa kesho, hapana. Inabidi tupate mwingine, au tumkate huyu kwenye ungio."

"Kwa sharubu haikatiki."

"Kwa kipande cha kioo. Nina vioo vyembamba, nitavivunja asubuhi. Leo mkono wangu umechoka, na wako pia, na tukimharibu huyu kichaka kinabaki na wachache."

Alitaka kubisha, nikaona. Aliangalia saa ukutani, akaangalia kisahani, ambacho Darcy alikuwa bado anakimulika kwa tochi ingawa hakuna aliyekihitaji tena.

"Zima tochi, Darcy," alisema. "Unawachosha."

Tulirudisha kisahani kwenye friji, nikabandika karatasi mlangoni ya kuwaomba watu wasifungue bila sababu. Fuwele ya wawili tuliiacha chini ya baridi, mashine ikiendelea kuipiga picha polepole. Vasiti alikaa kwenye kompyuta yake. Aliifuta slaidi ya malaika. Mahali pake akaweka ile ya pili, kushoto, na maelezo yake: moja kwa kila tano haina jozi. Upande wa kulia wa slaidi akachora fremu tupu, akaandika chini yake *fuwele za katikati*, halafu hakuandika kitu kingine.

"Ukiwa huna cha kuweka humo kesho?" aliuliza Darcy.

"Nitawaonyesha tupu. Nitawaambia bado tunakata."

"Huyo mzee wa Brisbane atakutafuna."

"Kwetu Ovalau tunatafunwa na mbu wakubwa kuliko huyo." Lakini alisema akiwa ameshikilia ukingo wa meza. Kisha akanigeukia. "Mjomba, kesho unaingia saa ngapi?"

"Kwa kawaida saa mbili. Kesho nitakuwa hapa saa moja."

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Getini hawafungui kabla ya saa moja."

"Basi saa moja kasoro, getini. Nitaleta mikate." Akavaa koti la mvua, akasita mlangoni. "Vioo vyenyewe viko wapi, nikifika kabla yako?"

"Droo ya pili, chini ya kitambaa. Ila usianze peke yako, nisubiri."

"Nitakusubiri," alisema, na kwa namna alivyosema sikuwa na hakika.

Nilibaki kidogo kuangalia kama naitrojeni inatosha hadi asubuhi. Kwenye kioo cha mashine vidoti viliendelea kutokea, viwili viwili.